Qigong Inasaidia Nini, na Wapi Ilipopotoka

Ukiitazama kwa mara ya kwanza huoni cha ajabu. Mtu amesimama, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Anapachanisha vidole mbele ya tumbo, anavuta hewa kwa pua, na mikono inapanda taratibu mpaka viganja vinaelekea mbinguni. Anatoa pumzi, mikono inashuka nayo. Kisha anachuchumaa nusu kama aliyepanda farasi, na kuvuta upinde usiokuwepo, kushoto na kulia. Baada ya hapo mkono mmoja unasukuma juu na mwingine chini. Shingo inageuka kutazama nyuma. Kiwiliwili kinainama na kuzunguka. Viganja vinapita nyuma ya mapaja na kushuka hadi miguuni. Ngumi zinanyooshwa kwa mwendo wa kinyonga huku macho yamekodolewa. Mwisho, visigino vinanyanyuliwa na kuangushwa mara 7. Dakika 12 hivi, basi. Hiyo ndiyo Baduanjin, Vipande Vinane vya Hariri, mojawapo ya mifululizo ya qigong inayofundishwa sana. Imetajwa katika maandishi ya Kichina tangu zama za Song, miaka zaidi ya 800 iliyopita.

Katika dakika hizo 12, ni kitu gani kinachomfaa mtu? Mwalimu wa jadi atajibu kwamba ni qi, nguvu ya uhai inayosemwa kupita mwilini kwa njia zake maalumu, ambayo ikikwama huleta maradhi na ikitiririka huleta afya. Daktari wa viungo atataja misuli, maungio na mapafu. Maoni yangu ni kwamba faida za qigong zipo, ni za wastani, na karibu zote zinatoka katika yale yanayoonekana kwa macho: mwendo wa polepole, pumzi ndefu, na fikra zilizotulizwa mahali pamoja. Kila ilipobebeshwa mzigo mkubwa kuliko huo iliwaumiza watu, na China yenyewe ndiyo iliyolipa gharama kubwa kuliko nchi nyingine.

Tuanze na pumzi, kwa sababu ndiyo sehemu inayoelezeka vizuri zaidi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na wengi wetu huishia kifuani, juu juu. Mwalimu wa qigong hukuagiza uishushe pumzi mpaka chini ya kitovu, mahali paitwapo dantian. Hewa haifiki huko, bila shaka. Mapafu yanaishia juu ya kiwambo, ule msuli mpana unaokitenga kifua na tumbo. Hata hivyo agizo linafanya kazi. Anayejaribu kuipeleka pumzi tumboni hukifanya kiwambo kishuke sawasawa, tumbo likasogea mbele, na pumzi zikawa chache na ndefu. Zikikaribia 6 kwa dakika, moyo na mapafu huanza kwenda kwa mpangilio mmoja: mapigo yanaongezeka kasi unapovuta hewa na kupungua unapoitoa. Vihisio vya shinikizo vilivyo katika kuta za mishipa mikubwa ya shingo na kifua huitikia kwa nguvu zaidi. Neva ya vagasi, inayoutuliza moyo na kuliamsha tumbo kusaga chakula, hupata nafasi kuliko ile mifumo inayouandaa mwili kukimbia au kupigana. Ndiyo maana wengi husikia mikono inapata joto na mate yanajaa kinywani. Wakongwe wa qigong waliziona dalili hizo zamani sana na kuziita dalili za qi. Waliona sawasawa; tunachoweza kubishana nao ni maelezo.

Kuna mfululizo mwingine, Liuzijue, unaoutumia utoaji wa pumzi kwa namna ya pekee. Mtu hutoa hewa taratibu huku akitamka sauti sita, moja baada ya nyingine: xu, he, hu, si, chui, xi. Mapokeo yanaifungamanisha kila sauti na kiungo fulani cha ndani, ini, moyo na kadhalika, na sioni sababu ya kuyaamini hayo. Lakini zitazame sauti zenyewe: nyingi zinalazimisha midomo au meno yakaribiane, hewa itoke kwa upinzani kidogo. Wauguzi wa wagonjwa wa mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi wa jikoni hufundisha jambo karibu lilelile, kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kwa sababu upinzani huo huzuia vijia vidogo vya hewa visijifunge kabla mapafu hayajamwaga hewa iliyochakaa. Si ajabu basi kwamba wagonjwa wa namna hiyo ni miongoni mwa makundi yaliyochunguzwa sana katika utafiti wa qigong nchini China.

Mwendo nao una kazi yake. Kusimama magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, ukahamisha uzito polepole kutoka mguu hadi mguu, kunaichosha misuli ya mapaja kuliko mtazamaji anavyodhani. Atakayebisha ajaribu kusimama hivyo dakika 5. Zaidi ya misuli, mwendo ule wa polepole unaufunza mwili kujua uko wapi: vifundo vya miguu, nyonga na sikio la ndani vinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unajifunza kusahihisha mayumbo kabla hayajawa anguko. Ukifanya haraka, kasi inakubeba na kosa halionekani. Ukifanya taratibu, kila kosa linajionyesha.

Hapo ndipo ushahidi ulipo na nguvu, ingawa sehemu kubwa yake inatokana na taijiquan, ambayo wengi huiita tai chi, ndugu wa qigong aliyezaliwa katika sanaa za mapigano na kuishia bustanini kwa wazee. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio ya mazoezi ya kuwakinga wazee na kuanguka, yalikadiria kwamba tai chi hupunguza idadi ya wanaoanguka kwa takriban asilimia 20. Msomaji asiipite namba hiyo upesi. Mzee anayevunjika nyonga mara nyingi harudi tena kwenye maisha aliyoyajua, na hakuna kidonge cha kuzuia mtu asijikwae. Huko Oregon, Marekani, watafiti waliwafuata wagonjwa 195 wa Parkinson kwa wiki 24 na kuchapisha matokeo mwaka 2012 katika New England Journal of Medicine: waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki waliudhibiti mwili wao vizuri zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya uzito, na zaidi sana kuliko waliojinyoosha tu.

Kwa qigong yenyewe, mfano mzuri ni ule wa Sydney, Australia, uliochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 162 wa saratani waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida pekee, jingine likaongezewa qigong kwa wiki 10. Walioongezewa walichoka kidogo kuliko wenzao, na hali yao ya hisia na ya maisha kwa jumla ikawa nzuri zaidi. Angalia kilichopimwa hapo: uchovu, huzuni, namna mtu anavyoishi na ugonjwa. Kwa mgonjwa aliye katikati ya sindano za kemikali hayo si madogo hata kidogo. Lakini hakuna jaribio la kuaminika lililoonyesha kwamba qigong inapunguza uvimbe wa saratani, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Kuhusu presha, mapitio mbalimbali yanakubaliana katika jambo moja: kufanya qigong ni bora kuliko kukaa bure. Ikilinganishwa na dawa, au na mazoezi mengine ya kawaida, haijaonyesha kwamba inashinda. Picha ni hiyohiyo katika usingizi, wasiwasi na huzuni isiyo kali. Ukilinganisha wanaofanya qigong na watu walio kwenye orodha ya kusubiri, tofauti ni kubwa na ya kufurahisha. Ukiwalinganisha na watu wanaotembea au kufanya mazoezi mengine pamoja, tofauti inapungua, wakati mwingine inatoweka.

Wapenzi wa qigong hawaupendi ulinganisho huo wa pili. Mimi nadhani ndio unaotufundisha zaidi. Katika utafiti wa dawa, mgonjwa anaweza kupewa kidonge kisicho na kitu asijue. Hakuna njia ya kumfanyisha mtu qigong bila yeye kujua kwamba anafanya qigong. Kwa hiyo ndani ya matokeo mazuri mna mchanganyiko: mwendo, pumzi, matarajio ya mtu, sauti ya mwalimu anayejali, na kundi la watu wanaokutana asubuhi ileile na kuulizana hali. Majaribio mengi ni madogo, na yaliyokosa matokeo mazuri huenda hayakuchapishwa kabisa. Baadhi ya watafiti wamejaribu kuyachambua haya kwa kubuni qigong ya bandia, yenye miondoko ileile bila maelekezo ya pumzi na fikra. Ni wazo zuri, ila matokeo bado hayajatosha kumpa mtu ruhusa ya kuapa.

Sasa umri wake. Matangazo hupenda kusema qigong ina miaka 5,000. Tunavyo vitu tunavyoweza kuvishika kwa uhakika zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wachimbaji huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, walifungua makaburi ya ukoo mmoja wa watawala wa zama za Han. Katika kaburi namba 3, lililofungwa mwaka 168 KK, ulikutwa mchoro juu ya hariri wenye watu 44, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, kila mmoja katika mkao wake wa mazoezi, baadhi wakiwa na maandishi ya mnyama anayeigwa au maradhi yanayolengwa. Kabla ya hapo, kitabu cha Zhuangzi kilikwisha kuwadhihaki kidogo watu wanaopumua kwa kanuni na kujinyoosha kama dubu na ndege ili waishi maisha marefu. Mwishoni mwa Han akatokea tabibu Hua Tuo, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyetunga Wuqinxi, Michezo ya Wanyama Watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Mazoezi ya namna hii, basi, ni ya kale kweli, miaka zaidi ya 2,000.

Mfumo unaoitwa qigong, wenye zahanati, vitabu vya kiada na walimu wenye vyeti, ni wa juzi. Muasisi wake alikuwa kada wa Chama cha Kikomunisti katika mkoa wa Hebei, Liu Guizhen, kijana aliyesumbuliwa na vidonda vya tumbo miaka ya 1940. Alirudi kijijini kwao, akafundishwa na mzee mmoja njia ya kutulia na kupumua, akapata nafuu. Wakuu wake wakavutiwa. China ya wakati ule ilikuwa na madaktari wachache mno waliosomea tiba ya Magharibi, na hapa palikuwa na tiba ya bei ya bure kutoka kwa wakulima wenyewe. Mwaka 1949 Liu na wenzake wakachagua jina qigong. Maneno ya kidini ambayo mwanafunzi alikuwa akiyakariri moyoni yakaondolewa, yakawekwa maneno ya kujitakia afya. Miaka ya 1950 zikafunguliwa nyumba za matibabu huko Tangshan na Beidaihe, mji wa pwani ambako viongozi wa chama walikwenda kupumzika. Upepo wa siasa ulipogeuka katikati ya miaka ya 1960, tiba hiyohiyo ikaitwa ushirikina, na Liu akafukuzwa chamani.

Aliyeirudisha alikuwa mwanamke. Guo Lin, mchoraji wa Beijing aliyeugua saratani ya mfuko wa uzazi, alijitungia qigong ya kutembea, kwa hatua zilizopimwa na pumzi fupifupi za puani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mapinduzi ya Utamaduni yakiwa bado hayajaisha, akaanza kuifundisha waziwazi bustanini. Mpaka wakati wake qigong ilikuwa jambo la mgonjwa na mganga wake ndani ya chumba. Yeye aliitoa nje, ikafanywa na watu wengi kwa pamoja. Nadhani mchango huo una uzito kuliko hatua zake zenyewe: sehemu ya faida tunayoipima leo katika majaribio ni ya kundi.

Kisha ikaja homa ya qigong. Mwaka 1979 gazeti la Sichuan liliandika habari za mtoto aliyedaiwa kusoma maandishi kwa masikio, na nchi iliyotoka katika miaka kumi ya vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni ikazipokea habari hizo kwa kiu. Katika muongo uliofuata walitokea mabingwa waliojaza viwanja. Mmoja wao, Yan Xin, alihubiri afya kwa saa nyingi mbele ya maelfu ya watu, wengine wakilia, wengine wakitupa magongo yao. Ilidaiwa hata kwamba qi yake ilisaidia kuuzima moto mkubwa wa misitu ya Daxing'anling mwaka 1987. Qian Xuesen, mwanasayansi aliyeongoza mpango wa makombora wa China, aliwakingia kifua akisema hapa pana sayansi mpya ya mwili wa binadamu. Wasomaji wa Tanzania wanaokumbuka foleni za magari ya waliotafuta tiba kuelekea Samunge, Loliondo, mwaka 2011 hawatashangaa sana: penye hospitali za mbali na maradhi yasiyopona, watu huenda. Tofauti ni kwamba China jambo hili lilidumu karibu miaka 20 na kugusa makumi ya mamilioni ya watu.

Mwisho wake unajulikana. Li Hongzhi alianza kufundisha Falun Gong mwaka 1992, akichanganya mazoezi matano na mafundisho ya kimaadili na kidini. Tarehe 25 Aprili 1999 wafuasi wake wapatao 10,000 walikusanyika kimya kando ya Zhongnanhai, makao ya viongozi mjini Beijing; Julai mwaka huo vuguvugu hilo likapigwa marufuku, na wafuasi wakakamatwa kwa wingi. Makundi mengine makubwa ya qigong yakafungwa. Serikali haikuyaua mazoezi yenyewe. Iliyahamishia kwenye idara ya michezo, ikachagua mifululizo minne, Baduanjin, Wuqinxi, Liuzijue na Yijinjing, ikaipanga upya na kuisambaza kwa jina la qigong ya afya. Ndiyo inayofundishwa leo katika shule, hospitali na vyuo vya nje. Ni toleo lililonyolewa, na wapo wanaolalamika kwamba limepoteza roho. Binafsi nalipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Katika homa ile madaktari wa akili wa China waliona jambo jingine. Walipokea wagonjwa waliokaa saa nyingi wakitafakari na kupumua kwa nguvu hadi wakasikia sauti, wakaona maono, au wakashindwa kuuzuia mwili usitikisike. Maradhi hayo yakaingizwa katika mwongozo wa Kichina wa magonjwa ya akili, na mwaka 1994 mwongozo wa Marekani nao ukayataja miongoni mwa hali zinazofungamana na utamaduni fulani. Wakongwe hawakuwa wageni wa jambo hili. Wana msemo wao wa moto kutoroka na pepo kuingia, na maonyo marefu juu ya mwanafunzi mwenye pupa. Visa vya namna hiyo havitokani na dakika 12 za Baduanjin asubuhi. Lakini mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, au ambaye nyumbani kwao yapo, asiingie katika kambi za kutafakari siku nzima bila daktari wake kujua.

Hasara iliyo kubwa kuliko hiyo ni ya mtu anayeacha dawa. Dawa za presha, insulini, vidonge vya kifafa: qigong haijaonyesha kwamba inaweza kushika nafasi ya hata kimoja. Ikiwa presha inashuka kwa sababu ya mazoezi, kipimo kitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dozi.

Vilevile mtu asiitarajie ifanye kazi ya mazoezi yote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli, na mzee aongeze mazoezi ya kuimarisha msimamo angalau siku 3 kwa wiki. Baduanjin inalitimiza vizuri sharti hilo la mwisho. Kwa kijana mwenye afya, moyo wake hausukumwi vya kutosha. Huyo aende akacheze mpira, halafu aifanye jioni ili alale.

Swali linaloulizwa sana na waumini, wa msikitini na wa kanisani, ni kama kuifanya ni kuabudu. Mizizi ya qigong imo katika Utao, Ubudha na tiba ya kale, hilo halifichiki, na baadhi ya shule zake bado zina madhabahu na dua. Mifululizo minne ya afya haina sala wala kiapo. Mtu anaweza kuifanya akihesabu pumzi zake tu, na asiyeridhika moyoni anaweza kupata sehemu kubwa ya faida kwa kutembea na kupumua taratibu.

Kwa anayetaka kuanza, mambo ya kuangalia ni machache. Pumzi isizuiwe, mwendo uifuate. Goti linalouma lisishushwe hadi kwenye mkao wa mpanda farasi, kukunja kidogo kunatosha. Katika kipande cha sita, mwenye presha ya juu, kizunguzungu au maradhi ya presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya moyo. Aishie magotini na kuinuka polepole. Asiyeweza kusimama anaweza kuifanya kwenye kiti, miguu ikiwa imekanyaga chini sawasawa. Na miondoko yote minane inaweza kujifunzwa bila ada kubwa wala ngazi za siri: wanaouza ngazi hizo wanauza kile ambacho bustani za China zimekuwa zikikitoa bure.